Mhadhiri analipa dola apande cheo, chuo kinalipa tena wanafunzi wasome: tuongee kuhusu majarida ya utafiti

Mkutubi wa Kanda (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wahadhiri, na wazazi mnaolipa ada, uzi huu unawahusu nyote. Ni mrefu, nitauweka kwa vipande. Mwenye swali aulize hapohapo.

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu. Siku hizi muda wangu mwingi haupotei kwenye kuazimisha vitabu. Nakaa na wahadhiri na wanafunzi wanaoniletea simu zao na kuuliza, "Hili jarida ni la kweli?" Nimeona fedha za Watanzania zikitumwa kwa watu wasio na hata ofisi inayojulikana, na nimeona makala nzuri zikizikwa huko. Nimechoka kuyasema haya kwa mtu mmoja mmoja.

Msimamo wangu nauweka mapema. Majarida ya kitapeli yanaishi kwa sababu vyuo vyetu vinahesabu makala bila kuzisoma. Wengi wanawalaumu wahadhiri kwamba ni wavivu au wana tamaa. Mimi nalaumu kanuni ya kupandisha vyeo. Isipobadilika, ukifunga jarida moja la kitapeli leo, kesho yatafunguliwa kumi.

Tuanze na fedha inavyozunguka. Mtafiti analipwa mshahara na serikali. Anakwenda Kigoma au Kilosa kukusanya data kwa ruzuku ya umma au ya wafadhili. Akimaliza anaandika makala na kuituma kwenye jarida. Mhariri anawatafuta wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo waihakiki, na hao hawalipwi hata senti. Makala ikipita, mtafiti anasaini kuikabidhi kampuni ya uchapishaji haki zake. Kisha maktaba ya chuo chake mwenyewe inaletewa ankara ili wanafunzi wake waisome.

Mambo hayakuanza hivyo. Henry Oldenburg wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, alianzisha jarida la sayansi mjini London mwaka 1665, na kwa muda mrefu baada ya hapo majarida mengi yalikuwa ya vyama vya wanataaluma, mengine yakichapishwa kwa hasara. Biashara kubwa ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Robert Maxwell, mwenye kampuni ya Pergamon, aliona jambo ambalo wengine hawakulitilia maanani: maktaba haina pa kukimbilia. Makala unayoitaka ikiwa ndani ya jarida fulani, huwezi kununua jingine la bei nafuu badala yake. Pergamon iliuzwa kwa kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 1991. Leo RELX, kampuni mama ya Elsevier, inapata kwenye kitengo chake cha sayansi na tiba faida inayozidi theluthi moja ya mapato. Ni mfanyabiashara gani wa Kariakoo anayeletewa bidhaa bure, anakaguliwa bidhaa bure, kisha anamuuzia aliyeileta?

Mzamivu wa Mbeya

Dada, lakini si ndiyo maana kukaja majarida ya wazi, ambayo kila mtu anasoma bure? Msimamizi wangu anasema hayo ndiyo ukombozi.

Mkutubi wa Kanda (mleta uzi)

Umeniwahi, ndugu yangu. Wazo lilikuwa zuri na bado nalipenda. Mwaka 2002 wanataaluma walitoa tamko la Budapest wakitaka matokeo ya utafiti yasomwe na yeyote mwenye intaneti. Baadaye ikaja PLOS, shirika linalochapisha majarida ya wazi, na wengine wengi. Mwalimu wa sekondari Sumbawanga anayesoma makala mpya ya malaria bila kulipa ni matunda ya kazi hiyo.

Tatizo liko kwa mlipaji. Mzigo ulitolewa kwa msomaji ukabebeshwa mwandishi. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza kwamba kuchapisha makala moja kwa njia ya wazi kutagharimu euro 9,500. Jarida la NeuroImage, mali ya Elsevier, lilifika dola 3,450 kwa makala. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni nane. Aprili 2023 wahariri wake zaidi ya 40 waliipinga ada hiyo wakajiuzulu wote, wakaenda kuanzisha jarida jipya, Imaging Neuroscience, chini ya MIT Press. Nawaheshimu sana watu wale. Waliacha jina kubwa kwa ajili ya watafiti wasio na fedha.

Mtaniambia kuna msamaha wa ada kwa nchi maskini. Upo. Ila soma masharti. Wachapishaji wengi hufuata madaraja ya Benki ya Dunia: nchi za kipato cha chini husamehewa zote, za kipato cha kati cha chini hupunguziwa, mara nyingi nusu. Tanzania ilipandishwa daraja Julai 2020. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mhadhiri mmoja wa afya ya jamii aliyezoea kusamehewa ada yote alishtuka makala yake ilipokubaliwa na akaletewa ankara ya nusu. Nusu hiyo ilizidi mshahara wake wa mwezi. Kenya waliliona hili mapema zaidi, tangu 2015 walipoingia daraja hilo. Mtafiti wa Bujumbura au Kampala bado anaweza kusamehewa yote, wa Dodoma anadaiwa, na maabara zao hazina tofauti.

Niseme la haki pia. Mwaka 2023 Nature na majarida dada yake ya utafiti walitangaza kwamba waandishi wa nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini watachapisha kwa njia ya wazi bila kulipa. Ni jambo jema. Lakini ni wangapi wetu makala zao zinapita kwenye tundu lile? Wengi wako kwenye majarida ya kati, na huko ankara zinaendelea.

Mkutubi wa Kanda (mleta uzi)

Sasa matapeli. Mtu amekosa milioni nane, ana makala mkononi, na fomu ya kupanda cheo inamsubiri. Anafungua barua pepe anakuta anaitwa "Profesa mashuhuri", anaambiwa makala yake iliyopita imewavutia sana, alete nyingine, itahakikiwa na kuchapishwa ndani ya wiki moja, ada dola 100 au 150. Yeye ni mhadhiri msaidizi, na hiyo makala iliyopita wanaisifia ni tasnifu yake ya uzamili. Hata hivyo dola 100 anazimudu.

Kwa nini mtego huu unanasa? Kwa nje kila kitu kipo. Kuna bodi ya wahariri yenye majina ya maprofesa, wengi wao hawajui kama majina yao yamewekwa pale. Kuna namba ya ISSN, na watu wanaiamini mno. Namba ile inatambulisha jarida tu, haisemi chochote kuhusu ubora wake. Kuna "kipimo cha athari", yaani namba ya kuonyesha makala za jarida zinanukuliwa kiasi gani, kilichotungwa na kampuni nyingine ya kitapeli. Wengine wanateka jina la jarida halali kabisa, wanatengeneza tovuti inayofanana nalo na kupokea fedha za watu. Hao ndio wagumu zaidi kuwagundua, kwa sababu ukiuliza wenzako kama jarida hilo linajulikana watakujibu ndiyo.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon, kwa niaba ya jarida la Science, alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona. Aliituma kwa majarida 304 ya wazi. Majarida 157 yaliikubali. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru OMICS, kampuni yenye makao Hyderabad, India, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwahadaa watafiti kuhusu uhakiki na ada zake.

Mwanafunzi mmoja wa uzamivu alinijia akilia. Alikuwa na sura nzuri kabisa ya tasnifu, kazi ya uwandani ya miaka. Aliituma jarida la namna hiyo, ikakubaliwa ndani ya siku chache bila mhakiki kuuliza swali hata moja. Akashtuka, akaomba waiondoe. Wakamdai ada ya kuondoa makala! Hakulipa, wakaiweka mtandaoni. Majarida ya kweli hayakuitaka tena kwa kuwa tayari ilikuwa imechapishwa. Kazi yenyewe haikuwa na kasoro. Iliharibika kwa kuwekwa mahali ambapo hakuna msomi atakayeiamini.

Mwalimu wa Eldoret

Habari zenu ndugu. Nimesoma hapa nikaona niongeze ya kwetu Kenya. Huku kuna vijana wengi waliohitimu vyuo vikuu ambao kwa miaka wameishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha, hata tasnifu. Wanafanya kazi usiku, wanalipwa kwa ukurasa. Mwaka 2022 Uingereza ilitunga sheria kupiga marufuku biashara hiyo kwa upande wa England. Halafu mwisho wa mwaka huohuo ikaja ChatGPT, na kazi ikapungua. Kinachoniuma ni kwamba hawa vijana wana uwezo wa kusoma fani mpya kwa usiku mmoja na kuiandika vizuri kuliko mwenye shahada. Ila jina lao haliko popote. Shahada ni ya mwingine, na kwao hakuna nafasi ya uhadhiri.

Dada mkutubi, hilo naona ni ndugu wa hayo unayoyasema.

Mkutubi wa Kanda (mleta uzi)

Ni ndugu kabisa, mwalimu, asante. Ni suala la jina la nani linakaa juu ya kazi. Kuna la karibu na hilo: watafiti wa nje wanakuja, wanachukua damu, udongo au mahojiano, kisha makala inatoka bila Mwafrika hata mmoja kati ya waandishi, au mmoja katikati kabisa ya orodha. Mwaka 2022 majarida ya The Lancet yalisema yatakataa makala zenye data za Afrika zisizowatambua washirika wa Afrika. Ilipaswa kuwa hivyo tangu zamani.

Mdau wa Takwimu

Mleta uzi, suluhisho ni rahisi. Vyuo vikubali tu majarida yaliyo kwenye orodha kubwa za kimataifa, Scopus au Web of Science. Kwisha habari. Kwa nini tunazunguka?

Mkutubi wa Kanda (mleta uzi)

Mkuu, ningetamani iwe hivyo. Hadithi ya Hindawi inanizuia.

Hindawi ilianzia Cairo mwaka 1997, ikakua, ikaheshimika, majarida yake mengi yakaingia kwenye orodha hizohizo unazozitaja. Mwaka 2021 Wiley, kampuni kubwa ya Marekani, ikainunua kwa dola milioni 298. Mapato yalitegemea wingi wa makala, na njia ya kupata wingi ilikuwa matoleo maalumu yanayosimamiwa na wahariri waalikwa. Hapo ndipo wenye viwanda vya makala walipoingia. Hawa ni watu wanaotengeneza makala za kubuni na kuuza nafasi za uandishi: ukilipa zaidi unakuwa mwandishi wa kwanza, ukilipa kidogo unakuwa wa nne. Wakajipenyeza hadi kwenye uhariri na uhakiki, wakawa wanapitishiana. Mwaka 2023 pekee, makala zaidi ya 8,000 za Hindawi zilifutwa. Majarida yake 19 yaliondolewa kwenye Web of Science. Mwishoni mwa mwaka huo Wiley ikatangaza kuacha kabisa kutumia jina la Hindawi.

Zile makala elfu nane kabla ya kufutwa zilikuwa na pointi za kupandia cheo. Kuna watu duniani walipandishwa vyeo kwa hizo. Orodha inakwambia jarida lilikuwaje wakati lilipokaguliwa. Haikwambii makala iliyo mbele yako ni ya kweli. Hilo utalijua kwa kuisoma tu.

Na orodha kali ina dhambi nyingine. Jeffrey Beall, mkutubi mwenzangu wa Denver, alitunza orodha ya majarida aliyoyashuku hadi alipoifuta Januari 2017. Alisaidia wengi. Lakini watu wakajifunza vibaya: tovuti ikiwa ya kizamani, Kiingereza kikiwa na makosa, mhariri akiwa Nigeria au Pakistan, basi ni la kitapeli. Umaskini si utapeli, jamani. Jarida la idara moja ya historia linalochelewa miezi minane kwa sababu mhariri wake anafundisha kozi nne ni jarida la kweli.

Mzee wa Mlimani

Binti, nimekusoma tangu mwanzo. Mimi nimestaafu. Nakumbuka kabla ya hizo pointi unazozilaumu. Kupanda cheo kulitegemea unajuana na nani, mkuu wa idara anakupenda au hakupendi. Pointi zilituokoa. Kijana mtoto wa mkulima akaweza kusema: hizi hapa makala zangu, hesabuni. Mkiziondoa mtarudi tulikotoka. Fikirini vizuri.

Mkutubi wa Kanda (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito kuliko zote hapa, na sitaki kuipita juujuu. Ni kweli, hesabu ilikuja kama kinga dhidi ya upendeleo. Nisingependa mhadhiri kijana, hasa wa kike, aachwe mikononi mwa bosi mmoja.

Lakini tazama kinga ile imekuwa nini. Katika vyuo vyetu vingi makala ina pointi zake, waandishi wakiwa wengi wanagawana, na anayetaka kuwa mhadhiri mwandamizi au profesa mshiriki lazima afikishe idadi fulani. Matokeo yake utafiti mmoja mzuri unakatwa vipande vitatu vyembamba ili upate pointi tatu. Mtu anayetumia miaka mitano kuandika jambo moja zito anapitwa na anayetoa makala nyepesi kila miezi mitatu. Wanaogopa kushirikiana, kwa kuwa mshirika ni wa kugawana naye pointi. Kamati inashika jalada, inahesabu, inapiga muhuri.

Ninachoomba ni hiki: mwombaji achague kazi zake tatu au tano anazojivunia, aeleze kwa kurasa mbili amegundua nini na nani amekitumia. Zisomwe na wahakiki wa vyuo vingine, wasiochaguliwa na mkuu wake wa idara, na ripoti zao mwombaji azione na awe na haki ya kuzijibu. Hapo upendeleo unabanwa na usomaji unarudi. Tamko la San Francisco la mwaka 2012, linaloitwa DORA, linasema hivyohivyo: pima kazi, usipime jina la jarida. China, ambako watafiti walikuwa wakilipwa bonasi nono kwa kila makala, wizara zake mbili zilipiga marufuku bonasi hizo mwaka 2020 baada ya kuona udanganyifu uliozaliwa. Serikali yetu nayo imeanzisha tuzo za fedha kwa watafiti wanaochapisha kwenye majarida yenye hadhi ya kimataifa. Nia naiheshimu, mtafiti wetu anastahili kutuzwa. Naomba tu wanaotoa tuzo wasome yaliyotokea China kabla mambo hayajakomaa huku.

Mzee wa Mlimani

Marahaba binti. Kwa wahakiki wa nje na haki ya kujibu, hapo nakubali. Ila hao wahakiki walipwe, na wapewe muda. Zamani tulipewa jalada Ijumaa, tukatakiwa Jumatatu.

Mkutubi wa Kanda (mleta uzi)

Nakubali, mzee. Na fedha ya kuwalipa ipo. Jumlisha ada za majarida ambazo chuo kimoja kinarudishia wahadhiri wake kwa mwaka uone.

Niguse na majarida yetu wenyewe, maana watu huyaona ya daraja la pili. Brazil walianzisha SciELO, mtandao wa majarida ya wazi, mwaka 1998 kwa fedha za umma, na leo nchi nyingi za Amerika ya Kusini zinachapisha humo. Msomaji halipi, na majarida mengi humo hayamtozi mwandishi chochote. Mwaka huohuo wa 1998 ilianza AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, ambayo sasa makao yake ni Afrika Kusini, na inabeba mamia ya majarida ya Afrika. Sisi tuna majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika pale TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuna Kioo cha Lugha, na kuna Swahili Forum la Ujerumani ambalo makala zake zinasomwa bure. Mtu anaweza kuandika hoja nzito ya isimu au fasihi kwa Kiswahili, ikahakikiwa kwa ukali, na mwalimu wa Tabora akaitumia darasani kesho yake.

Kinachoyaangusha ni vitu vidogo. Tovuti haijalipiwa, inapotea mwezi mzima. Toleo la Juni linatoka Desemba. Mhariri hana msaidizi. Ada ya makala mbili tatu za nje ingeliendesha jarida moja la ndani mwaka mzima, na hapo nawasema wakuu wa vyuo bila kuzunguka: hamna sababu ya kushindwa.

Mzamivu wa Mbeya

Dada, nimejifunza mengi. Maswali mawili ya haraka. Je, Sci-Hub ni halali? Na mimi nina barua ya kukubaliwa, wanataka dola 120 kabla ya Ijumaa. Mhakiki aliandika mstari mmoja tu: "makala nzuri, ichapishwe". Nifanye nini? Chuo kinataka makala mbili nihitimu.

Mkutubi wa Kanda (mleta uzi)

Sci-Hub, iliyoanzishwa na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan mwaka 2011, mahakama ya New York iliihukumu ilipe Elsevier dola milioni 15 mwaka 2017. Kwa hiyo halali haiko, ingawa naelewa kabisa kwa nini watu wanaikimbilia. Kabla ya kufika huko, uliza maktaba ya chuo chako nywila ya Research4Life. Ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji, ulianza 2002 na majarida ya afya, sasa una kilimo, mazingira na mengine. Vyuo vingi vimesajiliwa na wanafunzi hawaambiwi. Ukikosa, mwandikie mwandishi wa makala barua pepe fupi ya heshima. Wengi hutuma nakala, tena kwa furaha.

Kuhusu barua yako: usilipe. Mstari mmoja si uhakiki, na tarehe ya mwisho ya kulipa ni ya kukutisha. Kama hujasaini fomu ya kukabidhi haki, usisaini. Waandikie leo kwamba unaiondoa makala kabla haijachapishwa, hifadhi barua hiyo na majibu yao, mtumie msimamizi wako nakala. Kisha angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida ya wazi, na chagua kwenye bodi yao mhariri mmoja unayeweza kupata anwani yake kwenye tovuti ya chuo chake, si kwenye tovuti ya jarida, umuulize kama kweli yumo. Majibu ya hilo swali moja yameshawaokoa watu wengi waliopita mezani kwangu.

Weka hapa jina la jarida, futa jina lako na kichwa cha makala. Nipo mtandaoni hadi saa nne usiku, nitaliangalia.